Fundi breki wa Ipogolo na Hilux yangu ya 1994

Wenye pikapu za zamani mnaopiga mzigo kati ya Iringa na Morogoro, kama usukani unawacheza mkononi kila mkikanyaga breki, msinunue pedi nyingine kwanza. Shukeni Ipogolo, mkamwone fundi mmoja mzee anayeshughulika na breki tu. Kibanda chake hakina jina. Kando ya barabara kuna tairi la lori limesimikwa ardhini, limepakwa chokaa, limeandikwa BREKI. Ukiliona umefika.

Naandika kwa sababu nimeshatoa hela nyingi kwa watu waliokuwa wakibahatisha, na huyu ndiye wa kwanza niliyemwona akipima kabla ya kunituma dukani.

Gari langu ni Toyota Hilux LN106, kebini moja, ya mwaka 1994, injini ya dizeli 3L. Mbele ina ekseli nzima na springi za majani, breki za mbele ni disiki, za nyuma ni dramu. Hakuna kompyuta wala taa ya kukuonya. Ninaiendesha mwenyewe, na kazi yake ni kubeba matenga ya nyanya kutoka Ilula. Anayeijua njia hiyo anajua maana yake: ukishatoka Ilula na mzigo, mbele yako kuna mteremko wa Kitonga, na Kitonga huishuki kwa mdomo. Kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, malori yanapanda taratibu na mengine yanashuka nyuma yako. Pale breki siyo jambo la kusema nitalishughulikia wiki ijayo.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Nikiwa kwenye spidi 80 nikakanyaga breki, usukani unapiga kushoto na kulia, na pedali inausukuma mguu kama inapumua. Nikifika 40 inatulia. Asubuhi breki zikiwa baridi ilikuwa kidogo, lakini nikifika chini ya Kitonga, kwenye tambarare ya kuelekea Ruaha Mbuyuni, ilikuwa inatikisa mpaka dashibodi. Nisipokanyaga breki gari limetulia kabisa, hata kwenye 90.

Kuna gereji mjini ilikuwa inanitengenezea kabla. Siitaji, maana shida yao ni shida ya gereji nyingi. Kwanza walibadilisha pedi. Mtetemo ukapungua, ukarudi. Wakaniambia disiki zimepinda, wakazipeleka kukerezwa zote mbili. Ikawa nzuri kweli, nikafurahi, halafu msimu wa nyanya haujaisha ikarudi palepale. Wakabadilisha tairodi, zile fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu. Wakafanya balansi ya matairi. Hakuna hata siku moja niliyoona kipimo mkononi mwa mtu. Kila nilichoambiwa kilianza na neno "labda", na kila "labda" nililipia mimi.

Dereva mmoja wa lori ndiye aliyenielekeza Ipogolo. Nilifika asubuhi, nikamkuta mzee amekaa kwenye kigoda anasafisha kalipa ya Canter, kile chuma kinachobana pedi kwenye disiki.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, kamwene mama. Gari linasemaje?"

Nikaanza kumweleza habari za pedi na tairodi, akanyoosha mkono. "Hayo waliyobadilisha tutayaona. Niambie unabeba nini, kilo ngapi, na unashuka wapi." Akauliza pia kama mtetemo unakuja mkononi au unakuja kwenye kiti. Nikamwambia mkononi na mguuni. Akauliza kama unakuwepo nisipokanyaga breki. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa. "Basi balansi ya matairi ilikuwa hela ya bure. Tairi likikosa balansi linatikisa muda wote, halisubiri breki."

Kisha akaomba funguo, akaendesha mwenyewe, mimi nikakaa pembeni. Tulikwenda barabara ya Tanangozi, akatafuta sehemu iliyonyooka isiyo na gari nyuma. Akafunga breki ya mguu taratibu kutoka 80, mtetemo ukaja. Akarudi 60, halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kuona gereji yoyote ikilifanya: akavuta hendibreki ya chini ya dashibodi polepole, huku ameikunja isijifunge, mguu wake hauko kwenye pedali. Gari likapunguza mwendo likiwa limetulia. Hendibreki inashika dramu za nyuma peke yake, kwa hiyo kama dramu zingekuwa zimekaa yai, mtetemo ungejitokeza pale, tena ungeusikia kwenye kiti. Haukujitokeza. "Nyuma pako salama kwa mtetemo," akasema. "Tunaenda mbele." Dakika chache tu barabarani, nusu ya gari ikawa imetoka kwenye orodha. Nawaomba msiende kulijaribu hilo kwenye barabara yenye magari au yenye utelezi, hendibreki ikijifunga ghafla mkia wa gari unageuka.

Tuliporudi kibandani alipandisha mbele kwa jeki, akaweka stendi. Akashika tairi juu na chini akalitikisa, kuangalia beringi za habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kingipini, pini ambayo gurudumu linageukia. Akalishika kushoto na kulia, kuangalia tairodi. Beringi ya kushoto ilikuwa na uchezaji kidogo. Kijana wake akatoa magurudumu, na hapo ndipo kazi niliyoifuata ilipoanza.

Anacho kipimo chenye uso kama saa na mguu wa sumaku. Aliukaza mguu kwenye ekseli, ncha ya kipimo akaigusisha kwenye uso wa disiki karibu na ukingo, akaizungusha disiki kwa mkono polepole. Mshale unapanda, unashuka. Akaniita niangalie. Kiasi kinachovumilika, alisema, ni kama sehemu ya kumi ya milimita hivi. Ya kulia ilikuwa chini ya hapo. Ya kushoto ilivuka, ingawa si kwa kutisha. Kisha akatoa maikromita kutoka kwenye boksi lake la mbao, akachora alama 8 za chaki kuzunguka disiki, akapima unene kwenye kila alama, na kijana akawa anaandika kwa kalamu kwenye kipande cha boksi la pedi. Disiki ya gari hili ikiwa mpya ina milimita 20, na mwisho wake ni 18. Ya kulia ilisoma karibu namba ileile kuzunguka kote. Ya kushoto ilianzia 18.61 ikashuka mpaka 18.54, halafu ikapanda tena.

Tofauti ya 0.07, unene wa unywele mmoja tu, na ndiyo iliyokuwa inanitikisa mikono yote miwili. Mzee alinifafanulia vizuri nikaelewa. Disiki haijapinda. Imelika isivyo sawa. Pedi zikipita kwenye sehemu nene zinasukumwa nje, zikipita kwenye nyembamba zinarudi ndani. Msukumo huo unarudi kwenye mafuta ya breki, unapanda mpaka masta silinda, ile pampu kuu ya breki, unafika kwenye pedali, na ndiyo ule mguu kupumua. Na kwa kuwa kushoto kunashika na kuachia huku kulia kumeshika vizuri, usukani unavutwa na kuachiwa, unavutwa na kuachiwa.

Sasa kwa nini imelika upande mmoja? Hapa ndipo gereji ya kwanza walipoishia, wao walikereza wakarudisha. Mzee alifungua kalipa ya kushoto. Kalipa za Hilux hizi hazitelezi kama za gari ndogo, zimefungwa imara na zina pistoni 4, mbili kila upande. Akaweka kipande cha mbao katikati, akamwambia kijana akanyage breki taratibu. Pistoni mbili zikatoka. Mbili za upande wa ndani zikabaki zimeganda. Alipozitoa kwa upepo wa kompresa, mpira wa vumbi wa moja ulikuwa umechanika na chuma chake kimekula kutu pembeni. Pistoni ikiganda hairudi vizuri ukiachia pedali, pedi inabaki inagusa disiki safari nzima. Disiki yenye kuyumba kidogo inaguswa palepale kila mzunguko, inalika palepale. Ndiyo maana ukikereza unapata raha ya muda, halafu ugonjwa unajitengeneza upya. Hata pedi zilionyesha: ya ndani imebaki nyembamba, ya nje bado nene. Waliofunga pedi mpya kabla walizishika hizohizo mikononi na hawakujiuliza.

Ningedhani tumemaliza. Mzee akasema bado hajajua kwa nini breki za mbele zimeungua hivi. Disiki zote mbili zilikuwa na madoa ya bluu, alama ya moto mkali, na mafuta ya breki yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Akaingia chini ya gari, upande wa nyuma.

Kwa hili peke yake ningempa alama zote. Pikapu hizi zina valvu ndogo imefungwa kwenye chesisi juu ya ekseli ya nyuma, na fimbo inatoka kwenye valvu kwenda kwenye ekseli. Gari likibeba mzigo, chesisi inashuka karibu na ekseli, fimbo inasukumwa, na valvu inaruhusu presha zaidi iende kwenye breki za nyuma. Gari likiwa tupu inabana presha, ili magurudumu ya nyuma yasijifunge. Hilux yangu, kama zenu nyingi, iliongezwa majani ya springi nyuma ili isilale na matenga. Kwa hiyo hata nikiwa na mzigo kamili, nyuma haishuki, na ile valvu inaamini gari ni tupu. Breki za nyuma zinapewa presha ndogo, mzigo wote wa kusimamisha gari unakwenda mbele. Nashuka Kitonga na matenga juu, nasimama kwa disiki mbili za mbele peke yake. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia, na waliofunga springi zile hawakuigusa fimbo.

Basi akaniandikia vya kununua. Disiki mpya mbili, pedi, seti ya mipira ya kalipa kwa pande zote mbili, pistoni mbili, mafuta ya breki chupa mbili, sili za habu. Nilimuuliza kama disiki zangu zisingeweza kukerezwa tena kupunguza gharama. Akasema zinaweza, zingebaki juu kidogo ya 18, lakini chuma chembamba hakihifadhi joto kama chuma kinene, na mimi ni mtu wa Kitonga. Kwa anayezunguka mjini na mzigo mdogo angemkerezea. Nilipenda kwamba jibu lilitegemea kazi ya gari. Na disiki hubadilishwa kwa jozi, huwezi kuweka mpya upande mmoja.

Spea haziuzi yeye. Anakutuma mjini, ukirudi anakagua. Pedi nilizoleta mara ya kwanza alizikataa: maandishi ya boksi yamefifia, na ukikwangua kwa ukucha unga unatoka. Nikarudisha. Hili liliniudhi kidogo kwa sababu ya nauli ya bodaboda, lakini mwenye duka alibadilisha bila ugomvi, na zile za pili kwa kuzishika tu zina uzito mwingine.

Ufungaji wenyewe nitasema machache. Kwenye Hilux ya aina hii disiki imefungwa nyuma ya habu, kwa hiyo lazima ufungue habu nzima. Nati za beringi zinahitaji boksi spana ya milimita 54, na mzee anayo. Gereji nyingi zinazigonga kwa tindo na nyundo. Zangu zilikuwa na makovu ya tindo kila upande. Kabla ya kufunga disiki mpya alisugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, kwa sababu kutu iliyobaki pale inaisimamisha disiki mpya mshazari, na umeanza upya safari ileile. Alifunga, akapima tena kwa ile saa. Ya kushoto ikasoma zaidi ya alivyotaka. Akaifungua, akaizungusha kwenye habu kwa matundu mawili, akafunga, akapima: safi. Beringi aliosha kwa mafuta ya taa, akapaka grisi mpya, na katika kuzikaza alitumia mizani ya ndoano, ile ya kupimia nyama, akaiingiza kwenye stadi ya gurudumu na kuvuta mpaka habu ianze kuzunguka. Anataka kati ya kilo 3 na 5. Kalipa alizipaka ndani mafuta ya breki yenyewe, wala siyo grisi ya kawaida, maana grisi ya kawaida inavimbisha mipira.

Ile valvu ya nyuma ilichukua muda mrefu kuliko yote. Alikwenda kwa jirani muuza vifaa vya ujenzi, akaazima mifuko 12 ya saruji, vijana wakaipakia. Kilo 600. Akafunga vipimo viwili vya presha, kimoja kwenye nati ya kutoa upepo ya mbele na kimoja ya nyuma, nikakanyaga pedali huku yeye anasoma. Mbele ilipanda vizuri, nyuma ikabaki chini sana. Akarefusha fimbo kwa uzi wake wa marekebisho, haikutosha, akachomea kipande cha bati nene kuinua mahali fimbo inaposhika kwenye ekseli, akapima tena. Nyuma ikapanda. Kisha tukashusha saruji, akaenda kufunga breki kwa nguvu gari likiwa tupu kwenye barabara ya vumbi, kuhakikisha magurudumu ya nyuma hayajifungi kabla ya mbele. Alirekebisha mara ya pili akaridhika. Upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki aliutoa kuanzia gurudumu la nyuma kushoto, na hakuisahau valvu yenyewe, ambayo nayo ina nati yake ya kutolea upepo.

Kabla ya kunikabidhi gari alinitaka nizizoeshe pedi: kutoka spidi 60 napunguza hadi 10 bila kusimama kabisa, naachia, naenda kidogo zipoe, narudia. Akakataza kusimama na mguu umekandamiza breki zikiwa za moto, kwa kuwa pedi inaacha chapa yake kwenye disiki mahali pamoja, na chapa hiyo nayo inatetemesha.

Gharama: spea zote zilinifikisha kama shilingi 420,000, sehemu kubwa ikiwa disiki. Ufundi ulikuwa 120,000 pamoja na kazi ya valvu, na vijana wa saruji niliwapa chao. Siyo bei ya chini kwa Ipogolo. Nikijumlisha nilichotoa kwa pedi, kukereza, tairodi na balansi, bado naona huyu ndiye wa bei nafuu.

Yasiyopendeza nayo niyaseme. Ni mtu mmoja na kijana wake, hivyo foleni ipo, na malori yanayokwenda Tunduma yakifika na dharura unasogezwa. Gari langu lililala pale. Kivuli ni mwembe mmoja, choo ni cha jirani. Hana risiti ya maana, utaandikiwa kwenye karatasi ya daftari. Pia haongei sana kwenye simu. Ukimpigia kuuliza bei atakwambia lete gari. Mwenye haraka ataudhika. Na usimwambie mwanzoni kwamba umeambiwa disiki imepinda, atakuuliza ilipimwa na nani na utakosa jibu.

Nimeshuka Kitonga na mzigo tangu hapo, kwa gia ya pili kama ninavyoshuka siku zote, naigusa breki na kuiachia. Tofauti ya kwanza niliyoisikia haikuwa usukani, ilikuwa mkia wa gari. Unakaa chini unaposimama, gari zima linashuka kwa pamoja badala ya kuinamisha pua. Chini kabisa, pale lilipokuwa linatikisa dashibodi, nilifunga breki kutoka 80 kwa makusudi, mikono imeshika usukani kwa vidole tu, na usukani ulibaki umenyooka. Nilisimama pembeni nikasogeza kiganja karibu na ringi za mbele zote mbili bila kuzigusa. Joto lilikuwa sawa kushoto na kulia. Zamani ya kushoto ilikuwa inatoa harufu ya kuungua.

Kazi moja imebaki. Dramu za nyuma alizipima akasoma 296 na nusu, na mwisho wake ni 297, na sasa zinafanya kazi ambayo hazikuwa zikiifanya zamani. Ameniambia nirudi msimu wa nyanya ukiisha tuzibadilishe pamoja na shuu zake, zile zinazobana dramu kwa ndani. Nimeshaanza kuulizia bei madukani.